Keni Tupu ya Mama Efrazia

Ni mwaka sasa, mama, tangu alfajiri ile ya Jumapili ulipomwamsha mwanao Judica aje ashike kitambaa cha kuchujia maziwa. Alikishika kama kila siku, macho nusu yamefumba. Mvua ilikuwa imepiga bati tangu jioni. Ulimimina maziwa polepole kutoka kwenye ndoo kwenda kwenye keni yako ya chuma, ukasema neno lako la kila siku, "Nyoosha mikono, usiniharibie chai ya watu." Kisha ukajifunika mfuko wa nailoni kichwani, ukabeba keni mkono mmoja na kopo la kupimia mkono wa pili, ukatoka.

Judica alikuwa anasuuza ndoo, vikombe vikaanza kutikisika kabatini. Hakushtuka. Malori ya vitunguu ya Basotu yakipita barabarani, vikombe vya nyumbani kwetu hulia hivyo hivyo. Akasikia pia keni yako kule mtaa wa chini, inagongwa haraka haraka, akajiambia mama anawahi misa ya kwanza. Akaendelea kusuuza. Haukupita muda Katesh yote ikapiga yowe moja.

Hayakuwa malori. Ulikuwa Mlima Hanang unashusha tope, mawe na miti mizima na mizizi yake juu ya nyumba za watu. Kwetu tope halikufika. Lilikufikia wewe.

Mama, wewe ulizaliwa Tumati, ukaolewa na Bura, dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano, ukaja kuishi kwenye nyumba za wafanyakazi. Mashamba yalipopata wamiliki wapya, baba alirudi na buti zake ndani ya mfuko wa salfeti, akakaa kibarazani siku nyingi. Hukumwuliza tutakula nini. Uliazima keni kwa jirani, ukaanza na maziwa ya ng'ombe wawili wasio wako. Mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha, watu wa Katesh walikesha wakishangilia. Wewe ulisema, "Mkoa mpya, chai ni ile ile," ukaenda kutafuta wateja wengine. Kwa keni hiyo Emanuel amejifunza ufundi wa magari, Letisia amemaliza sekondari, na Judica ametoka chuo cha ualimu.

Hukuwahi kutia maji kwenye maziwa. Bibi Saumu mwenye mgahawa, ambaye alikuwa mteja wako wa kwanza kila asubuhi, alipenda kukuchokoza.

"Mama Judica, leo maziwa yako yamenyeshewa kidogo."

"Yamenyeshewa nje ya keni, bibi. Ndani hapana."

"Nikionja nitajua."

"Onja, lakini ukimaliza kopo utalipa."

Mwenye mtoto mchanga ulimwongezea bila kuombwa. Na kitu kimoja hukukiacha hata mvua ikinyesha: ukikutana na mtu mzima aliyekuzidi umri, uliweka keni chini kwanza, ukaiachia mikono, ndipo ukasema shikamoo. Ulitufundisha kwamba mtu hasalimii mkubwa mikono ikiwa imeshika biashara. Judica alikuwa akiona aibu, maana njia nzima ya kwenda sokoni ilikuwa kuweka keni chini na kuinua, kuweka na kuinua. Ulimwambia, "Maziwa hayachachi kwa shikamoo moja."

Siku zile baada ya tope, taifa zima lilituombolezea. Tunashukuru kwa mablanketi, unga na watu waliochimba kwa mikono. Lakini, mama, kwenye redio ulikuwa tarakimu. Kila taarifa ya habari tarakimu ilipanda, na sisi tulikaa tukijua kwamba mmoja wa hao ni wewe, bila jina, bila Tumati, bila maziwa. Tukasikia wengine wakituambia kwamba watu wa Katesh tulikuwa tumelala. Jumapili alfajiri mtu alale wapi kama si kitandani kwake? Tukawasikia wengine wakisema mlima umekasirika. Hakuna aliyeuliza kama na sisi tumekasirika.

Ulipopatikana, keni ilikuwa bado mkononi, imebonyea pande zote. Hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Yalianza kwa sauti ya chini penye maturubai ya msiba. Masikini, hata siku ile alikuwa anahangaikia biashara. Mlima unashuka, yeye anauza. Judica aliyasikia akigawa uji, akanyamaza. Unamjua. Hata alipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, watoto wa nyuma walimwomba apaze sauti. Alidhani maneno yale yataisha msiba ukiisha.

Bibi Saumu ndiye aliyetueleza yaliyotokea. Alikuja kwa fimbo, mguu umefungwa bandeji, akamketisha Judica pembeni yake.

"Mwanangu, mama yako siku ile hakunisalimia," alisema.

Judica akafikiri amekuja kulalamika. "Utusamehe, bibi."

"Nisamehe nini? Sikiliza. Kila siku anagonga mlango mara mbili na lile kopo lake, anasema shikamoo bibi, mimi najigeuza kidogo kitandani kabla sijaamka. Siku ile akapiga keni kama kengele ya shule. Bila shikamoo. Nikasema, Efrazia huyu? Bila shikamoo? Nikaruka kitandani na miguu yangu hii mibovu. Nafungua mlango, naona chini peupe. Maziwa yote amemwaga mlangoni kwangu."

"Amemwaga?"

"Kayamwaga kwa makusudi. Keni ikijaa hailii, mwanangu. Ukiigonga inasema du, du, basi. Alitaka ilie. Alikuwa ameona tope linashuka korongoni na mti mzima. Akaniambia, panda juu, usichukue kitu. Nami nikapanda. Yeye akashuka kwenda kwa wengine."

Mama, wewe ambaye ulikuwa ukifuta tone la maziwa kwenye kifuniko kwa kidole na kulilamba ili lisipotee, uliyamwaga yote.

Kosa la mtaa ule lilikuwa kukuzoea. Waliosikia keni walidhani umeleta maziwa. Bibi Saumu akiwa anapanda aliwasikia watu wakijibu kutoka vitandani, "Leo hatuchukui, mama Judica," na "Pitia baadaye, ni Jumapili." Wewe ulizidi kugonga. Waliokasirika wakatoka kukugombeza, na waliotoka kukugombeza wako hai.

Mmoja wao ni Mzee Tomaso, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, rafiki wa baba tangu mashamba ya ngano. Mke wake, mama Marieta, alimwambia Judica akilia. Mzee alijibu mara mbili kutoka ndani kwamba hawataki maziwa. Ulipoanza kuupiga mlango wenyewe kwa keni, akatoka amevaa koti juu ya nguo za kulalia, akasema, "Tangu lini mtu anabisha kwa mzee bila salamu?" Ulimvuta kwa mkono wa koti mpaka uani, ukamsukumia upande wa juu pamoja na mkewe, ukaenda mlango wa jirani. Mama Marieta aligeuka nyuma mara moja tu, na nyumba yao haikuwepo.

Basi tungetegemea nini kwa Mzee Tomaso? Angalau kunyamaza.

Lakini ndiye aliyelichukua lile neno la biashara na kulifanya fundisho. Kwanza kwenye sala ya jumuiya, akasema tusifungwe macho na kutafuta riziki, tumwangalie marehemu Efrazia, mama mwema, aliyefia kwenye keni yake. Kisha akaliweka kama ujumbe wa sauti kwenye kundi la simu la jumuiya, likasambaa mpaka kwa wajomba zetu wanaoishi kule Daudi, nao wakapiga kuuliza kama ni kweli. Wakati wa Kwaresima akalirudia. Kila mara alimalizia kwa kumshika Judica mkono na kumwambia, "Pole, binti yangu, ndiyo maisha." Na kila mara Judica alisema, "Asante, mzee."

Emanuel alitaka kwenda kwa mzee usiku ule wa kundi la simu. Baba alimzuia. "Ni mkubwa wako," alisema.

"Na mama je?" Emanuel akauliza.

Tunakuambia haya bila kuficha, kwa sababu ndiyo mwaka tuliouishi. Tope tulilichimba, makaburi tukayasafisha, lakini neno lile lilikuwa likitufuata sokoni. Mwanamke mmoja aliyechukua wateja wako aliambiwa kwa mzaha, "Angalia usifie kwenye keni kama mwenzio." Letisia alikuwepo. Alirudi nyumbani bila mboga aliyotumwa.

Jumapili tuliyokuombea misa ya mwaka, watu walikuja wengi. Dada yako Rogathe alitoka Tumati na mahindi mabichi na kondoo. Bibi Saumu alikuja na vijana wake wawili na sufuria kubwa ya pilau, akakaa na akina mama wa jumuiya, wakamkaribisha vizuri. Baada ya chakula Mzee Tomaso akasimama, kama ilivyo kawaida ya mwenyekiti, kutoa neno.

Alikusifu. Alisema ulikuwa mchapakazi, mwenye sala, mwenye heshima kwa wakubwa. Judica alikuwa anakusanya sahani. Kisha akamsikia mzee akivuta pumzi na kusema, "Lakini tujifunze kwake. Siku ya hatari, biashara tuiache."

Judica aliweka sahani chini.

"Mzee," alisema. Hakuna aliyesikia. Akasema tena, kwa sauti ambayo sisi wa nyumbani hatujawahi kuisikia kwake. "Mzee Tomaso, naomba usimalize."

Shangazi mmoja akamvuta sketi ili aketi. Baba alimtazama yule shangazi, akatikisa kichwa, na mkono ukaachia.

"Binti, ni neno tu la mafundisho," alisema mzee.

"Nalijua, mzee. Nimelisikia mwaka mzima, na kila ukilisema nimekushukuru. Sikuwa nashukuru. Nilikuwa na hasira." Machozi yalikuwa yanashuka lakini hakuyafuta, na hakuacha. "Mama hakuja kwako kuuza. Maziwa alikuwa ameshayamwaga. Alikuja kukuamsha, ukamwambia hutaki maziwa, akakaa pale mlangoni mwako akigonga badala ya kukimbia. Alikuvuta kwa koti. Hakufia kwenye biashara. Alifia mlango wa pili baada ya wako. Usiseme tena mbele za watu kwamba mama yangu alikufa kwa kupenda keni. Kama ni vigumu kusema kwamba alikufa kwa ajili yako, basi nyamaza, nasi tutasema."

Mzee Tomaso alibaki amesimama, kofia mkononi. Mama Marieta, kutoka pale alipokaa na akina mama, akasema taratibu, "Amesema kweli, Tomaso. Kaa."

Mama, tumeyaandika haya ili wasiokuwepo wayasome, na wajomba wa Daudi wapate jibu lao. Tunayasema sote pamoja: mumeo Bura, wanao Judica, Emanuel na Letisia, dada yako Rogathe na ukoo wote wa Tumati na Daudi, pamoja na Bibi Saumu, aliyetuomba jina lake liwekwe kati ya ndugu. Hutatoka mioyoni mwetu siku zote tutakazoishi, na tutakutaja kwa sauti.