Mtaa Uliolala Chini ya Barabara

Carrollton, Texas, Oktoba 1999

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mguu umetulia, na shangazi ameacha kukulazimisha kunywa zile dawa zake chungu. Mimi mzima, walau wa mwili.

Kile nilichokuwa nakiombea dua nimekipata. Chuo kimenithibitisha, sasa ni mwalimu wa kudumu wa historia ya miji ya Marekani. Mkuu wa idara alinipa mkono koridoni, akaenda zake kikaoni. Nilipofika nyumbani nikakupigia simu Tanga, laini haikushika. Nikawapigia wale Wazanzibari jirani; mtoto akanijibu kwa Kiingereza kuwa mama yake yuko zamu hospitali. Nikala wali wa jana nikiwa nimesimama.

Jumamosi nikaendesha gari hadi Houston kwa Mzee Ezell, kinyozi mstaafu anayenisimulia, kwa ajili ya kitabu ninachoandika, habari za mtaa wao wa watu weusi, uliobomolewa kupisha barabara kuu. Yeye ndiye aliyefurahi nami. Akasema leo hakuna mahojiano, twende tukatembee. Akanipeleka chini ya daraja la barabara hiyo, malori yakinguruma juu yetu. Akawa ananionyesha: hapa ndipo aliponyolea watu, pale ukumbi wa muziki. Tulipofika kwenye nguzo moja akavua kofia. Hapo ndipo ilipokuwa nyumba ya mama yake.

Kisha akaniuliza, "Nyumba ya mama yako ingali ipo?"

"Ipo."

"Na mwenyewe?"

"Yumo."

"Sasa mwanangu, unatafuta nini huku kwetu, ambako hakupo tena?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini mama, njia nzima ya kurudi nililia, redio nimeizima.

Kazi sitaiacha. Naipenda, na mzee yule anataka kukiona kitabu angali hai. Ila ule mpango wa kuimalizia likizo ya Desemba maktaba, nimeufuta. Ramadhani mwaka huu inaangukia humo humo; nitakuja nifunge nanyi, inshallah.

Nisalimie shangazi, kaka Omari na wifi yangu, na Bi Mwanakombo wa nyumba ya pili, anayekuja kukugongea ukichelewa kufungua dirisha. Chumba cha wageni msinitandikie. Nitalala kwako, upande wa ukutani.

Mwanao,
Saumu