Vigae vya Mtungi wa Kabula

Marahaba, Masanja mjukuu wangu. Hapa Butimba tunaendelea, ila miguu yangu inavimba. Shangazi yako bado anauza dagaa Mkuyuni na anakusalimu sana.

Umeniandikia kuwa mashine yako huko chuoni inachapa udongo tabaka juu ya tabaka, mpaka upate vichocheo vyenye matundu kama sega la nyuki, vya kusaidia gesi ya samadi igeuke nishati safi. Lakini vikiingia tanuruni vinapasuka. Ukauliza mama yangu, mfinyanzi, alifanya nini na vyungu vilivyompasukia.

Alivitwanga. Unga wa vigae aliuchanganya na udongo mpya, kwa sababu udongo uliokwisha kuungua hausinyai tena, basi humshikilia mwenzake asipasuke.

Mdogo wangu Kabula alikuwa na mtungi wake mdogo wa kuchotea maji ziwani. Alipofariki, hakuna aliyethubutu kuugusa. Siku moja mbuzi akauangusha. Nikaokota vigae niende kuvifukia nyuma ya nyumba, mama akanizuia.

"Kabula tumeshamzika," alisema. "Hivyo vigae vilete kwenye kinu."

Tukatwanga sote wawili.

Sijui kama mashine yako itakubali unga wa namna hiyo. Jaribu tu, usivitupe kwanza hivyo vilivyopasuka.

Mazishini mama hakutoa chozi, watu wakamsema. Alilia siku ile mtungi mpya, wenye unga wa vigae vya Kabula, ulipotoka motoni ukiwa mzima.

Ni mimi bibi yako, ninayekukumbuka.