Bei ya Ijumaa

Kisenyi, Kampala
22 Aprili 1978

Kwa dada yangu mpenzi Fatumah, Kibera,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba kile kifua chako kimetulia. Sisi huku tunapumua, na siku hizi anayepumua hana haki ya kulalamika. Mama miguu inamvimba, lakini anatembea. Sukari tumeionja mara ya mwisho Idi ya kuchinja.

Barua yako aliniletea Kahambu, yule mama mfanyabiashara, pamoja na sabuni. Ahsante. Umeniuliza inakuwaje shilingi elfu mbili za Kenya, ulizozipata kwa kuuza bangili zako za harusi, zishindwe kumtoa mdogo wetu Dawudi kizuizini. Swali lako ni la haki. Nimekaa nalo wiki mbili.

Ulipoolewa huko, mwaka wa sabini, shilingi yetu na yenu zilikuwa pacha. Marehemu Baba alikuwa akienda Busia kununua vitunguu wala hajali noti iliyo mkononi ni ya nani. Kisha Wahindi wakafukuzwa, tukashangilia, mimi mbele ya wote. Nikapewa duka la vitambaa. Nikauza vyote kwa miezi minne, nikabaki nauza rafu! Mwaka wa sabini na nne yenu moja ikawa yetu mbili. Sabini na sita, tatu. Mwaka huu tumeuanza na tano. Benki, wallahi, bado wanaandika moja yenu kwa moja yetu, kama marehemu ambaye jina lake halijafutwa daftarini.

Bei ya kweli iko hapa Kisenyi, nyuma ya magereji. Hakuna anayetamka neno pesa. Unauliza nyanya za Kisumu, yaani shilingi zenu, leo ngapi. Hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi, dada. Mtoto wa askari wa Kinubi, muuza nyanya asiye na nyanya. Na nilijisifu kwamba Kampala nzima hakuna anayezijua bei zake kama mimi.

Dawudi, kama unavyojua, walimkamata Kawempe na shilingi arobaini za Kenya mfukoni. Wakasema anahujumu uchumi. Uchumi upi, hawakusema. Nikampata sajini mmoja aliyeahidi kumtoa kwa elfu kumi za hapa. Alinionya nisikawie, maana watu huhamishwa bila taarifa. Jumatatu moja mwezi uliopita Kahambu akanifikishia pesa zako, zimeshonewa katika pindo la kitenge chake, kamili.

Nilikuandikia kwamba hazikutosha. Dada, zilitosha. Jumatatu ile nyanya zilikuwa tano. Elfu mbili mara tano ni elfu kumi, hata mtoto wa madrasa anajua. Lakini nilikuwa nimesikia kwamba wenye magendo wanarudi mpakani kununua bidhaa, na wakishaanza kuitafuta shilingi ya Kenya, Ijumaa bei itafika sita. Nikapiga hesabu. Nikingoja siku nne, Dawudi atatoka, na elfu mbili za hapa zitanibakia mimi. Nilijiambia ni za dawa ya Mama. Uongo. Nilizitaka tu, nimechoka kushika pesa za watu.

Ijumaa bei ikafika sita. Sikukosea! Nikazigeuza, nikaenda kwa sajini na kifurushi kwapani. Akakitazama, hakukigusa. Akaniambia Dawudi na wenzake walipakiwa kwenye lori Jumatano, na mimi nirudi nyumbani nikamsomee hitima, wala nisiulize tena maiti iko wapi. Nilimsihi achukue zote, elfu kumi na mbili. Akanicheka.

Hizo elfu kumi na mbili ninazo, sijazigusa. Leo nyanya ni sita na nusu. Nikizigeuza nikurudishie, hazitafika hata zile elfu mbili ulizotuma.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Bibi Maimunah, jirani yetu, anakusalimu sana, anauliza lini utakuja. Mama hakusalimu. Tangu msiba hataki jina lako litajwe, kwa sababu nilimwambia wewe ndiye uliyechelewesha pesa. Akaniamini, akanishika mkono, akasema angalau mimi nilijaribu.

Kahambu anaondoka saa hizi. Nikishampa barua hii sitakuwa na njia ya kurudi nyuma, ndipo nitaingia ndani kumwambia Mama. Leo atampata tena binti yake, na wanawe wa kiume wote wawili watakuwa wamemtoka.

Mimi ndugu yako, ukilikubali bado neno hilo,
Asuman