Tonge la Kwanza la Mhina

Handeni,
4 Mei 2025

Mama yangu mpenzi, Bibi Mhina,

Shikamoo mama. Vipi mguu, umepungua kuuma? Na mahindi ya huko Kwamndolwa yamepata mvua? Sisi huku wazima, mimi, mume wangu Zaidi na mjukuu wako Mhina. Simu yako haipatikani, ndiyo maana barua hii nimempa kondakta wa basi la Korogwe.

Mama, nina furaha hadi naona aibu! Tumeoana baada ya Idi, na bado nikisikia Zaidi anafunga karakana moyo unaruka. Anarudi ana vumbi la mbao hadi kwenye kope, namfuta mwenyewe kwa khanga. Nisamehe kukuandikia haya wewe, mama wa marehemu Maryamu, mkewe wa kwanza. Lakini siku tuliyokuja kumchukua mtoto uliniambia, "Niite mama," nami sina mwingine wa kumwambia.

Kuna jambo moja tu. Mhina anarusha chakula. Nimemnunulia sahani yake ya plastiki yenye picha ya samaki, namketisha mkekani kati yetu. Tonge la kwanza tu, analirusha nje ya mkeka! Nikimzuia anamwaga yote, ugali, mchicha, sahani inaruka hadi mlangoni. Jirani yangu Mwaija ananicheka: "Bi harusi, ongeza unga, kuku wangu wamenenepa!" Nikimbembeleza, "Kula baba, mama niko hapa," ndipo anatupa kwa nguvu zaidi. Jana nilimchapa kiganjani. Hakulia. Alinitazama tu.

Amekonda, mama. Zaidi anasema asipozoea atamrudisha kwako, nami nataka awe mtoto wangu kabisa. Kwako alikuwa anakulaje?

Mwanao,
Zamda

Kwamndolwa, Korogwe,
13 Mei 2025

Mwanangu Zamda,

Marahaba, mama. Mguu unanipeleka shambani na kunirudisha, nashukuru Mungu. Simu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Mvua imenyesha.

Nimefurahi kuwa una furaha. Nasema kweli. Nilisoma barua yako, nikaiweka, nikaenda kuchota maji, nikarudi kuisoma tena.

Mtoto hachezei chakula, mwanangu. Maryamu alipofariki, mimi nilishindwa kula. Chakula nikikitazama namwona binti yangu. Basi nikawa namega tonge la kwanza, naliweka chini pembeni ya mkeka, nasema, "La mama." Ndipo naweza kumeza. Wazee wetu Wazigua waliwawekea marehemu wao hivyo. Najua kuku huja wakalila, mimi si mjinga. Wala sikumfundisha mtoto, nilifanya kwa ajili yangu. Lakini yeye alikuwa mapajani mwangu, akaona. Akajua kula kunaanza hivyo. Sasa mkono wake mdogo, badala ya kuweka, unarusha.

Usimchape. Mwache atoe la kwanza, mengine atakula.

Mama yako,
Bibi Mhina

Handeni,
9 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini mguu unaendelea vizuri. Hali yangu sijui niielezeje.

Nilivyosoma barua yako nililia mpaka maharage yakaungua. Mchana ule, Zaidi akiwa kazini, niliketi na Mhina. Akarusha tonge. Nikasema, "La mama." Akanitazama, akaja kukaa mapajani mwangu, mama, mapajani mwangu! Alikula akamaliza, akalamba na vidole vyangu.

Kwa furaha yangu ya kijinga nikataka Zaidi naye aone. Jioni Mhina akatoa tonge, nami nikasema kwa sauti, "La mama Maryamu." Mkono wa Zaidi ukasimama hewani.

"Nani kamfundisha?"

"Kaona kwa bibi yake."

"Hiyo si dini, Zamda. Na jina hilo sitaki kulisikia kwenye chakula."

Akanawa, akatoka. Nilimfuata karakana. Nikamkuta amekaa juu ya mbao, kajifunika uso kwa mikono, mabega yanatikisika. Hakuniona. Nilirudi nyumbani polepole kama mgonjwa. Nilidhani nimeolewa na mtu aliyemaliza msiba wake. Nampenda vilevile, mama, lakini sasa nagonga mlango ambao ndani yake kuna watu wawili.

Siku hizi anakula kwa mama ntilie. Ananiambia nimzuie mtoto. Namshika mkono, anapiga kelele, anamwaga vyote.

Nifanyeje?

Mwanao,
Zamda

Handeni,
28 Juni 2025

Shikamoo mama,

Barua hii nimeiweka kwenye mfuko wa nguo za Mhina. Zaidi anamleta leo. Nimepiga magoti, hakukubali. Anasema, "Akikua ataacha, tutamchukua." Hakunifokea. Angenifokea ningepata la kumjibu.

Ugali wake uache upoe kwanza. Mchicha anaupenda ukiwa na karanga. Akiniulizia, tafadhali niandikie. Asiponiulizia, usiniandikie hilo.

Zamda

Kwamndolwa, Korogwe,
20 Julai 2025

Mwanangu Zamda,

U hali gani, mama? Sisi tupo, mtoto mzima.

Siku ile Zaidi hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, akanikabidhi mfuko, akasema ana kazi ya watu. Nilimshika mkono, hakuutoa, lakini hakunitazama. Akaondoka bila kunywa hata maji.

Mhina anakula, hamwagi. Mwanzo alikuwa anatoka kusimama njiani kila akisikia basi. Akaacha. Tangu Alhamisi anatoa matonge mawili. La kwanza anasema, "La mama." Anamega tena, anaweka palepale chini. Nikamuuliza, "Na hili la nani, baba?"

"La mama Zamda."

Nikamwambia mama Zamda yupo Handeni, mzima, anapika. Akanitazama kama mtu anayedanganywa. Nimemwambia kila siku. Kila siku anaweka.

Mimi nimeshindwa, mwanangu, maneno ya kumweleza mtoto wa umri ule sina. Njoo. Zaidi akikataa, njoo siku moja tu urudi. Nitasonga ugali, ukae kwenye mkeka mbele yake, na tonge lako ulile mwenyewe, yeye akikuona.

Mama yako,
Bibi Mhina