Kipande cha Mama Zaina

Korogwe. Jumatano, masika ya 1974.

Mvua haijakatika tangu alfajiri, barabara ya Handeni ni tope tupu. Nimechoka, lakini siwezi kulala kabla sijaandika.

Leo nimepiga eksirei ya nyama.

Tangu niajiriwe hapa hospitali nimepiga mifupa na vifua tu. Nyama iliyokwisha kutolewa mwilini, sijawahi.

Mwenyewe ni Mama Zaina, mkulima wa Kang'ata. Wamehamia kijiji cha ujamaa juzijuzi, hata nyumba yao haijaezekwa. Ana uvimbe kwenye titi, na daktari anasema ni saratani. Jana nilimwamkia wodini.

"Marahaba, mwanangu. Mwambie daktari wako atoe uvimbe. Titi lote sikubali. Dada yangu walimkata lote, na bado tulimzika."



Daktari alikubali, ila kwa sharti. Uvimbe wa namna hii mara nyingine huwa na chembe za chokaa, na chokaa huonekana kwa eksirei. Kwa hiyo kipande kipigwe picha mama akiwa bado amelala kwa dawa. Chembe zikifika ukingoni, ugonjwa huenda umebaki ndani, na itabidi akate zaidi.

Nililetewa kipande kwenye bakuli, kimefungwa uzi kuonyesha upande wa kwapa. Nikapunguza nguvu ya mashine. Picha ikatoka nyeusi tii, nguvu bado ilizidi. Kwenye chumba cha giza nilimfikiria mama wa watu mezani. Nikapunguza tena.

Ya pili ikakubali. Chembe nyeupe zimejaa katikati, kama unga uliomwagika. Upande wa uzi, chache zimefika ukingoni kabisa.

Niliikimbiza ikiwa bado inachuruzika maji. Daktari akaitazama dirishani.

"Upande wa kwapa," nikasema.

"Nimeona." Akarudi kukata.

Kipande kilichofuata hakikuwa na chembe hata moja. Nikacheka peke yangu, nikaipeleka picha nikiwa bado nacheka. Daktari akanituliza: "Picha inaonyesha chokaa tu. Ugonjwa usio na chokaa hatuuoni. Vipande vinapelekwa Dar kupimwa kwa darubini, tungoje majibu."

Jioni Mama Zaina alizinduka. Akapeleka mkono kifuani, juu ya bandeji, akauacha hapo.

"Lipo?"

"Lipo, mama. Wameongeza kukata kidogo upande wa kwapa."

"Na ugonjwa?"

Neno "umekwisha" lilikuwa mdomoni. Nikalimeza. Nikamwambia picha ya mwisho ni safi, ila majibu kamili yatatoka Dar.

"Basi tutangoja wote," akasema, akaomba uji.

Wote. Mimi pia, kumbe.

Nimemwomba daktari majibu yakija nimpelekee mimi, yawe mema au mabaya. Amekubali.

Yakiwa mabaya, nitaanzaje kumwamkia?