Mfuko wa Majani ya Juu

Mpwa wangu Kabula,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujaniamkia, maana ukimaliza kusoma huenda usiniamkie tena.

Unaukumbuka ule mkuyu wa nyuma ya nyumba yangu hapa Buswelu. Ulikuja na mifuko ya karatasi, ukataka majani ya chini, ya katikati na ya juu kabisa, yenye vile vinundu. Mimi vinundu hivyo naviona tangu utoto, nikidhani mti una surua. Ukapasua kimoja kwa pini, ukanionyesha: ndani kuna mdudu aliyejijengea nyumba kwenye jani, na ubavuni mwake mtoto wa nyigu, mdogo kuliko punje ya ulezi, anamla mwenye nyumba akiwa hai. Nikakwambia niliwahi kuwa na mpangaji wa namna hiyo kwenye nyumba yangu ya Mkolani, ile ambayo mama yako anasema haijawahi kuwepo. Ulicheka mpaka pini ikakuponyoka, tukaitafuta kwenye majani makavu karibu nusu saa.

Ulitaka kujua hao nyigu wanafika wapi. Chini kuna kivuli na upepo ni mdogo, huenda wanavifikia vinundu vingi. Juu kuna jua na upepo wa ziwani, huenda huko wenye nyumba wanapona. Kazi yako yote ya chuo ilikuwa hiyo.

Ukasema utatafuta kijana wa kupanda. Nikakukatalia. Nikakusimulia nilivyopanda bomba la moshi la kiwanda kimoja kule Nyakato kumfukuza korongo, tukaishia kula naye chakula cha mchana hukohuko juu. Katika kisa hicho, uongo ni kile chakula tu.

Basi nikapanda. Mfuko wa chini nikajaza, wa katikati nikajaza. Kuanzia hapo, Kabula, magoti yalitetemeka mpaka tawi likatetemeka nayo. Nikakumbatia shina. Majani yalikuwa mengi, hukuniona. Ukauliza kutoka chini, "Mjomba, umefika juu kabisa?"

Nikakujibu, "Nikisogea tena nakanyaga mawingu. Naiona Ukerewe yote."

Ukaandika kwenye daftari lako. Nilisikia ukurasa ukifunuliwa. Na mfuko wa tatu nikaujaza palepale, kwenye tawi lilelile la mfuko wa pili.

Jumapili mama yako kanipigia. Kasema umepasua vinundu vyote kimoja kimoja, na hesabu ya juu na ya katikati zinafanana kama mapacha. Mwalimu wako anaona ulichanganya mifuko. Kasema nawe umeshakubali, unataka kuandika kwa mkono wako kwamba ulifanya uzembe, na chakula hakipiti. Nikasema pole, nikakata simu. Dada yangu yule nimemdanganya mambo mengi, ila siku hiyo nilishindwa hata kumdanganya.

Usiandike hivyo. Hukuchanganya kitu. Hesabu zinafanana kwa sababu majani ni ya tawi moja, na aliyeyachuma ni mimi. Mwonyeshe mwalimu wako barua hii. Mimi shule niliiacha mapema, ila sahihi yangu inasomeka.

Jana asubuhi niliazima ngazi kwa fundi umeme, nikachukua mfuko wa akiba ulioniachia, nikarudi mtini. Nilitaka nikutumie majani ya juu kabisa pamoja na barua. Nilipita pale pa siku ile kwa matawi mawili. Mawili tu. Ukerewe haionekani. Kinachoonekana ni bati la jirani na dagaa wake alioanika. Nikashuka taratibu, kwa tumbo.

Mti upo. Ukija, njoo na mtu mwenye magoti, mimi nitashika ngazi na nitanyamaza.

Mfuko nakutumia hivyohivyo, mtupu. Juu yake nimeandika kwa herufi kubwa: HUKU MJOMBA HAKUFIKA.

Mjomba wako,
wa katikati ya mti