Friji ya Mama Irudi Ndani

Dada Kabula,

Shikamoo. Mwangaluka kwa wote hapo Ngokolo. Mimi ni mzima, baridi ya huku ughaibuni haijaniua bado. Mama anaendeleaje? Nauliza kwa adabu tu, jibu ninalo, na nimekasirika. Simu zangu unakata, ndiyo maana barua hii naituma kwenye simu ya jirani, Mama Neema, akusomee.

Nilikusimulia jinsi mwenye nyumba wangu, mzee bahili kupindukia, alivyoitoa friji jikoni akaiweka kwenye baraza lisilo na joto. Akasema, "Nje baridi, itakula umeme kidogo." Kweli umeme ulipungua. Hapo hapo ukakata simu, hukungoja mwisho! Mwisho ni kwamba mashine ilihisi ile baridi, ikadhani kazi imekwisha, ikazima. Baridi ya baraza peke yake haigandishi, basi samaki wangu wa kugandisha wakayeyuka, wakaoza. Nimegombana naye mpaka friji imerudi ndani, na joto la mgongoni mwake linanisaidia kupasha jikoni.

Na wewe, mtu mzima uliyezaliwa Shinyanga, ukaibeba friji ya Mama ukaiweka uani chini ya bati. Eti nje! Nje ya wapi, Kabula? Tena umeifunika kitambaa cha kufuma mpaka mgongoni, itapumulia wapi? Picha nimeiona. Inanguruma kutwa, LUKU inaisha upesi kuliko zamani, na ikiisha unakaa gizani ukimsubiri shemeji atume hela kutoka machimboni Rwamgasa.

Insulini ya Mama imo kwenye mlango wa friji hiyo. Sukari yake ilipopanda, ukaenda kumtukana muuza dawa wa watu kwamba kakuuzia feki. Dawa ilikuwa nzima. Umeipika wewe.

Leo asubuhi nilimpigia Mama. Akasema, "Mie sijambo, mwanangu, usimgombeze dada yako, ananihangaikia." Nikameza hasira. Kisha akaniuliza kama ng'ombe wamekunywa maji, akaniita kwa jina la marehemu Baba.

Dada, naogopa. Usipike kwanza. Mpeleke Mama hospitali sasa hivi, uwaambie dawa iliharibiwa na joto. Ukirudi, friji iingie ndani, na hicho kitambaa katandike mezani.

Shemeji msalimie. Mama Neema, asante kwa kusoma, usiondoke hapo mpaka uwaone wametoka.

Na Mama mwambie aliyempigia asubuhi ni mimi, mwanawe.

Mdogo wako,
Masanja